Mkono wa Baba Bado Unatuma Habari

Baba alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulishindwa kushika hata kikombe cha chai. "Huu umeshakufa, mwanangu," aliniambia nyumbani kwetu hapa Birmingham. Mazoezi aliyopewa aliyakataa. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, natafuta mradi. Nikaamua kumshonea glavu yenye mota: mishipi ya kuvulia ipite upande wa kiganja hadi ncha za vidole, mota iivute, vidole vifumbe.

Msuli ukijikaza hutoa umeme, ila kidogo mno. Unabandika vipokezi viwili kwenye ngozi ya kigasha na cha tatu kwenye mfupa wa kiwiko. Kwangu mimi nilipata kama milivolti 1; kwa Baba, sehemu ndogo tu ya hiyo. Nikaikuza mara 1,000. Kwenye skrini likatokea wimbi safi, nikashangilia. Kumbe Baba hakuwa amejaribu chochote! Lilikuwa wimbi la umeme wa nyumba, ambao hapa Uingereza hupiga mara 50 kwa sekunde, likanaswa na waya zangu. Nilikuwa nimekuza kelele.

Dawa yake ni amplifaya inayopima tofauti kati ya vipokezi viwili. Kelele ya nyumba huvifikia vyote karibu sawasawa, kwa hiyo hufutika. Umeme wa msuli hutofautiana, kwa hiyo hubaki. Nikafupisha waya, nikatumia betri badala ya umeme wa ukutani, jambo la lazima pia kwa usalama wa mtu aliyebandikwa waya.

"Baba, jaribu kufumba ngumi."

Vidole havikusogea, lakini mstari uliruka. Akajaribu tena, ukaruka tena. Alinyamaza muda mrefu, akafuta macho kwa mkono wa kushoto.

Kosa langu la pili lilikuwa kuunganisha mota moja kwa moja na amplifaya. Haikuzunguka. Volti zilikuwapo, ila amplifaya ile hutoa kama miliampea 20 tu, na mota ilitaka mamia. Nikamweleza Baba, ambaye ujanani alikuwa mvuvi Tanga. Akacheka. "Samaki hudonoa tu kwenye mshipi. Anayevuta ni mvuvi."

Ndivyo ilivyo. Ishara hutoa amri. Nguvu hutoka kwingine. Nikaweka transista katikati: ishara ndogo huifungua, na mkondo wa betri ya pili hupita kwenda kwenye mota.

Jumapili iliyopita Baba alishika kikombe cha plastiki, kitupu, kwa sekunde chache. Glavu ni nzito na si tiba. Lakini sasa kila asubuhi anafanya mazoezi bila kusukumwa, kwani ameona kwa macho yake kwamba mkono haujafa.