Kwa shangazi Salalah, jua likiwaka ni msiba

UMESHAONA wapi mtu mzima anatoka nje asubuhi, anatazama mbinguni, anaona jua safi kabisa, halafu anashika kiuno na kusema, "Leo tumekwisha"? Mimi nimemwona. Tena si mtu baki, ni shangazi yangu mwenyewe, dada yake baba, tumbo moja.

Ilikuwa Julai mwaka 2024, mjini Salalah, kusini kabisa mwa Omani, jimbo la Dhofar. Nilikwenda kwa wiki sita kumsaidia kazi kwenye gesti yake ya vyumba sita. Washikaji zangu wa Kinondoni waliposikia nakwenda Uarabuni wakaniagiza manukato na simu, na mmoja akaniambia nibebe fulana nyingi maana kule ni joto kinoma. Nikamsikiliza. Nilijaza begi fulana na kaptura. Sweta nikaliacha nyumbani limening'inia nyuma ya mlango, na kila usiku kwa wiki sita nililikumbuka.

Mwanzoni jamaa alionekana kusema kweli. Ukitua Maskati mwezi Julai unakutana na joto la zaidi ya digrii 40, ukipumua ni kama mtu kakufungulia tanuri la mkate usoni. Nikapanda basi la Salalah. Safari ni kama kilomita elfu moja, jangwa mwanzo mwisho. Unalala, unaamka, jangwa lile lile. Mnasimama Haima mnakunywa chai, mnaendelea, jangwa. Mkishapita Thumrait barabara inaanza kupanda na kushuka milima, na hapo ndipo mambo yanapogeuka ghafla. Kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Dereva akawasha taa, ilhali ni saa tisa mchana. Milima iliyokuwa ya mawe makavu ikawa ya kijani, majani mpaka magotini, ng'ombe wanakula taratibu kama wako Tukuyu. Abiria wakafungua madirisha wakatoa mikono nje washike manyunyu. Mzee mmoja wa Kiarabu kiti cha mbele yangu alikuwa anacheka peke yake kama mtoto.

Hiyo ndiyo Kharifu. Wenyeji wanaihesabu kuanzia Juni 21 mpaka Septemba 21. Na usidhani ni mambo mageni kwetu, maana upepo unaoileta ni ule ule wa kusi ambao mabaharia wa majahazi walikuwa wakiusubiri Unguja na Mombasa wawapeleke Arabuni. Unapofika pwani ya Dhofar unasukuma maji ya juu ya bahari, yale ya baridi yanapanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu, unakuja mpaka kwenye milima, unakwama. Upande huu wa mlima rasharasha usiku na mchana, upande wa pili mchanga na jua la kuua. Bahari nayo inachafuka, wavuvi wa mashua ndogo wanakaa nchi kavu.

Salalah yenyewe ukiingia unaweza kusahau kwamba uko Arabuni. Minazi, migomba, mipapai. Vibanda vya madafu vimepangwa kandokando ya barabara, jamaa anakukatia kwa panga kama yuko Buguruni. Jioni kuna nyama inachomwa kwenye vijiti, na wenyewe wanaiita mishkak! Huko Mirbat hata mibuyu ipo. Shangazi, ambaye ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, aliyeondoka miaka ya sabini kumfuata mumewe, anasema alipohamia hapa kutoka Maskati ndipo alipoacha kulia usiku.

Sasa turudi kwenye jua. Watu wa Maskati, wa Dubai, wa Saudia na wa Kuwaiti wanapika kwa joto miezi hiyo, kwa hiyo wanakuja Salalah kunyeshewa. Ndiyo, kunyeshewa! Wanatandika mkeka kwenye majani chini ya manyunyu, wanakunywa chai ya maziwa, watoto wanagaragara kwenye tope, kila mtu roho kwatu. Mwaka huo 2024 walihesabiwa wageni zaidi ya milioni moja kwenye msimu mmoja. Chumba cha Shangazi ambacho Februari kinakwenda kwa riyali 15 (riyali moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 7,000), Agosti ni riyali 35. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayolipa umeme, mshahara na ukarabati wa mwaka mzima. Ukungu ukichelewa, au jua likitoka siku tatu mfululizo, simu zinaanza.

"Mama, kuna manyunyu huko?"

Wenye gesti wengine wanajibu, "Tele, njooni." Shangazi anatoka mpaka uani, anaangalia juu, anarudi kwenye simu: "Leo hakuna. Jana kidogo. Kesho Mungu anajua." Nikamwuliza kwa nini asizuge kidogo tu, wakishafika si wameshafika? Akanitazama kama nimetukana.

Basi, kaomba manyunyu, kapata manyunyu. Hapo ndipo adha nyingine inapoanza, na hii ilikuwa ya kwangu. Mashuka hayakauki! Unaanika Jumatatu, Alhamisi bado yana majimaji. Mashine ya kukaushia ipo, lakini ukiiwasha kutwa bili ya umeme inakula faida yote. Foronya zinaota kawa. Kuta zinatoa jasho. Chumvi inakuwa uji. Sanduku la viatu likikaa chini ya kitanda wiki moja, ukilifungua unakuta viatu vimevaa manyoya ya kijani. Mimi na kijana wa Kibangladeshi anayefanya kazi pale tulikuwa tunapiga pasi shuka moja mara tatu, halafu Shangazi anapita na chetezo kufukiza ubani ili chumba kisinuke uvundo. Ubani wenyewe ndiyo kwao pale Dhofar, unatoka kwenye miti iliyoko upande mkavu wa mlima. Mgeni anaingia, anavuta pumzi, anasema mashallah. Hajui ubani ule unaficha nini.

Nilimwambia Shangazi hii biashara ni ya presha. Akacheka, akasema mimi sijaiona presha. Usiku ule ule, tukiwa tunakunja mashuka, akanisimulia ya Mekunu.

Ilikuwa Ijumaa, Mei 25, 2018, ndani ya mwezi wa Ramadhani, mwezi mmoja kasoro kabla ya msimu. Kimbunga Mekunu kilitua karibu na Salalah. Ndani ya saa 24 zilinyesha milimita 278 za mvua, mahali ambapo mwaka mzima haipati hata nusu ya hiyo. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mabonde yaliyokuwa makavu yakawa mito na kuingia mitaani. Maji mengine yalikwenda kutuama jangwani, yakaota majani, nzige wakazaliana humo. Wataalamu wanasema hicho, pamoja na kimbunga Luban cha Oktoba mwaka huo huo, ndicho chanzo cha nzige waliokuja kuivamia Kenya na Ethiopia mwaka 2020. Dunia ndogo kweli.

Kwa Shangazi maji yaliingia vyumba vya chini mpaka magotini. Umeme ulikatika. Yeye na yule Mbangladeshi walipandisha magodoro ngazini gizani, matatu tu, mengine tisa yakaloa yakawa mazito kama maiti. Asubuhi tangi la maji lililokuwa juu ya paa lilikutwa kwenye ua wa jirani.

Magodoro hayakumliza. Kilichomliza ni daftari. Lilikuwa limejaa majina ya watu walioshika vyumba vya Kharifu, wengi walikwishatuma arbuni, na arbuni alikwishainunulia rangi na viyoyozi. Akapiga simu mmoja mmoja: nyumba imeharibika, nitawarudishia fedha zenu. Karibu wote wakakubali warudishiwe, na ilikuwa haki yao. Aliuza bangili nne za dhahabu, za harusi yake, akawalipa. Familia moja tu ya Maskati ndiyo iliyosema, "Arbuni kaa nayo. Ukimaliza kufyeka tope tuambie." Wakaja Agosti, vyumba vinanuka rangi, wakalipa bei yote upya kama vile hawajatoa kitu.

Nilisikiliza, nikasikitika, nikaenda kulala. Sikuuliza familia ile ni ipi. Kosa langu la kwanza.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo, ukungu ulishuka wa ajabu. Ukisimama mlangoni huoni geti. Mlimani magari yalikuwa yanakwenda kwa mwendo wa kobe, taa zimewashwa, moja nyuma ya jingine. Shangazi magoti yalikuwa yanamwuma kwa ubaridi, akaenda kujilaza mapema. Akaniachia mapokezi na neno moja: "Namba nne kimeshikwa."

Saa nne na nusu usiku wakaingia vijana watatu kutoka Dubai, wameloa, wamezunguka mji mzima hakuna chumba. Nikawaambia kimejaa. Wakaona ufuo wa funguo ukutani, namba nne unaning'inia. Mmoja akaweka riyali 70 mezani. Sabini! Piga hesabu, karibu laki tano kwa usiku mmoja. Na nisikilize vizuri msomaji, maana kuna watu waliniona mwizi: karatasi ya Shangazi mwenyewe, iliyobandikwa pale mapokezi, inasema chumba kinashikwa mpaka saa nne usiku. Saa nne imepita. Nikapiga namba ya aliyeshika chumba, haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikatoa ufunguo.

Nilijiona mfanyabiashara. Nikawa nawaza jinsi Shangazi atakavyonisifu asubuhi.

Saa saba na robo nikasikia gari, halafu kishindo cha milango, halafu sauti ya kikongwe, kwa Kiswahili cha mjini Unguja kabisa: "Hodi hodi wenyewe! Jamani tumefika, tulidhani tutazikwa huko mlimani."

Miguu iliniisha nguvu. Baba, mama, watoto watatu waliolala mabegani, na bibi kizee amejitanda buibui, anatetemeka, ananitazama anatabasamu. "Shikamoo bibi," nikasema. Akaitikia marahaba, akauliza, "Chumba chetu kipo, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Shangazi alikwishaamka. Akaangalia ukuta, akaona hakuna ufunguo, akaangalia daftari, akaniangalia mimi. Hakusema hata neno. Aliwakumbatia, akawaingiza chumbani kwake mwenyewe, akawatandikia, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akaenda kujinyoosha kwenye kochi la mapokezi na magoti yake yale. Mimi nililala chumba cha kufulia, juu ya rundo la mashuka mabichi.

Asubuhi nikamkabidhi zile riyali 70, nikidhani labda zitatuliza bahari. Akahesabu 35, akaziandika kwenye daftari. Zilizobaki akanirudishia.

"Panda juu kawape wale vijana chenji yao."

"Shangazi, lakini wamekubali wenyewe!"

"Wamekubali kwa sababu ya ukungu. Ukungu wa Mungu, wewe unauuza?"

Hapo nami nikapandisha. Nikamwambia yeye mwenyewe anauza chumba mara mbili ya bei ya Februari, kwa sababu gani kama si ukungu huo huo? Na ile karatasi ya saa nne aliibandika nani? Akanyamaza. Nadhani nilimgusa, maana alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Usiku ule wa maji, hawa hawakuniuliza karatasi inasemaje." Ndipo nilipojua ni kina nani.

Nikapanda juu kurudisha chenji. Vijana wa Dubai walishangaa mpaka wakanipiga picha. Siku hiyo hiyo wakahama, wakawapisha wazee. Ile karatasi Shangazi aliibandua mchana, jioni akaibandika tena. Mpaka leo bado najiuliza: je, kama simu ile ingekuwa ya mgeni asiye na historia, angelala kochini? Sijamwuliza.

Bibi kizee alikaa siku tano. Kila asubuhi alitaka kitiwe kiti barazani, manyunyu yampige usoni, ale mandazi, aniulize habari za Forodhani na bei ya embe boribo. Siku ya kuondoka mwanawe akatoa arbuni ya mwakani, akanipa mimi nipeleke ndani. Bibi akamshika mkono. "Mpe mwenyewe bwana. Huyu kijana ataniuzia kitanda changu." Baraza zima likacheka, na Shangazi akacheka zaidi ya wote, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

Nilirudi Dar mwishoni mwa Agosti. Mama alipofungua begi langu akarudi nyuma hatua mbili kwa ile harufu. Fulana zote zimeota kawa, na suruali moja ilikuwa na alama ya kijani kama ramani. Akafua, akaanika uani. Saa mbili baadaye kila kitu kimekauka, kimekakamaa kama kadibodi. Nikampigia Shangazi kumweleza maajabu hayo.

"Jua lenu kali hivyo?" akauliza.

"Kali mno, Shangazi."

"Basi lishikeni huko huko. Nina wageni mpaka tarehe ishirini."