Dogo wa IST na mjomba wake wa Land Rover

Dogo karudi Kaliua na IST, muziki juu. Mjomba'ke yeye na Land Rover Series III, mkweche wa Mwingereza ulioacha kutengenezwa 1985, bado unapiga mzigo wa tumbaku. Kila mara mzee yuko uvunguni: anatoa upepo kwenye breki, anarekebisha shuu za dramu. Tairi zikiteleza anapampu pedali kwa mguu, basi.

Juzi ng'ombe wakakatiza kwenye tope. Dogo akakanyaga, pedali ikatetemeka, akajua breki zimekufa. Akaachia mguu! Ng'ombe walipona, IST ikaishia mtaroni.

Mzee akacheka kwanza. "We mjomba, ile ABS ilikuwa inakupampia." Sensa zinasoma kila tairi, likitaka kujifunga, kompyuta inalegeza presha na kubana tena, mara kadhaa kwa sekunde, ili usukani uendelee kutii. Wewe kandamiza, shikilia, kwepa.

Ila kwenye changarawe legevu mzee haisifii: tairi lililojifunga hurundika kokoto mbele yake, gari linaweza kusimama mapema kuliko lenye ABS. Hapo bora mwendo mdogo.

Jioni wakaenda kujaribu uwanjani. Pedali ikatetemeka tena. Dogo kafumba macho, lakini mguu hakuutoa.