Gauni na Koti Lake

Nilipoondolewa ziwa la kushoto nilielezwa vizuri habari za kidonda, dawa na mionzi. Habari ya nguo haikuguswa, nayo ndiyo iliyonifungia ndani. Mkono haukunyanyuka, hivyo magauni ya kupitishia kichwani yakanishinda. Halafu, kwa kuwa tezi za kwapani nazo zilitolewa, mkono ule ukaanza kuvimba. Blauzi zikawa zinanibana mpaka zinaacha alama. Nikabaki na khanga ya kujitanda. Harusi sikwenda tena, na kanisani nikahamia benchi la nyuma.

Mungu ambariki fundi cherehani wa mtaani kwetu, hapa Temeke. Aliniambia, “Mama, lete kitenge nikushonee gauni na koti lake.” Nikanunua yadi 6 Kariakoo. Akakiloweka kwanza, kitoe wanga na kirudi kabla ya mkasi. Akanipima kila upande peke yake, bila haraka na bila kunionea huruma, jambo ambalo nililihitaji kuliko nilivyojua.

Gauni lilifunguka mbele kwa vifungo, shingoni hadi kiunoni. Kwa ndani, kushoto, alishona mfuko wa pamba laini wa kuwekea ziwa la bandia. Koti halikuwa na kola wala pedi za mabega. Mkono wa kushoto aliukata mpana na kuutia bitana laini isiyokwaruza. Maua ya kitenge yalikutana katikati ya kifua kana kwamba kitambaa hakikupitiwa na mkasi. Huo ni ufundi!

Khanga ile ilikuwa ikimtangazia kila mtu kwamba kuna kitu nakificha. Koti la kitambaa kimoja na gauni halifichi kitu machoni pa watu: ni vazi kamili, limekusudiwa hivyo. Kwenye sendofu ya mpwa wangu nilisimama mbele ya ukumbi nikampa nasaha, nikimwonyesha mambo kwa mikono yote miwili. Wanawake walionifuata baadaye walitaka kujua fundi wangu ni nani.

Sasa mwenzetu akitoka kufanyiwa upasuaji, nampeleka mwenyewe kwa fundi yule. Namsisitizia tuende jioni, maana mkono huvimba zaidi kadiri siku inavyokwenda. Koti lililopimwa asubuhi linaweza kukubana kabla sherehe haijaisha.