Simu ya Upepo Kwenye Kambi X

Whitby, Ontario

Ami,

Nakuandikia kutoka ukingoni mwa Ziwa Ontario, mpakani mwa miji ya Whitby na Oshawa, mahali ambapo ungepita na gari wala usigeuze shingo. Kaskazini ni barabara kuu iendayo Toronto, na malori yake hayanyamazi. Kuna maghala, kuna nyasi, kuna mabata bukini wanaozurura kana kwamba wao ndio wenye shamba. Kuna pia bustani ndogo iitwayo Intrepid Park yenye mnara wa kumbukumbu. Basi. Majengo yaliyokuwapo yalibomolewa mwaka 1969.

Hii ndiyo Kambi X. Ilifunguliwa tarehe 6 Desemba 1941. Waingereza wa Special Operations Executive, idara iliyopeleka majasusi na wahujumu nyuma ya mistari ya Wajerumani, waliiandika STS 103, Chuo Maalumu cha Mafunzo namba 103. Jeshi la Kanada liliiita Project J, na polisi wa Kanada nao wakaipa namba yao ya faili. Aliyekuwa nyuma ya yote ni William Stephenson, mzaliwa wa Winnipeg, aliyeongoza shughuli za siri za Uingereza katika bara hili akiwa ofisini Rockefeller Center, New York. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Marekani haikuwa vitani, kwa hiyo Wamarekani wasingeweza kufundishwa kwao bila makelele. Wavushwe ziwa basi, wafundishwe Kanada. Kesho yake Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor, na kisingizio chote hicho kikawa hakina kazi tena. Wamarekani wakaja hata hivyo, wakajifunza, wakaondoka kuanzisha kambi zao.

Mafunzo yenyewe ungeyasikia ungetikisa kichwa. Kulipua reli, kufungua kufuli bila ufunguo, kusoma ramani usiku, kupiga Morse. William Fairbairn, aliyekuwa polisi Shanghai kwa miaka mingi, aliwafundisha kuua kwa kisu bila kelele. Kuna kisu cha makomando ambacho mpaka leo kina jina lake. Lakini kilichonigusa zaidi ni wanafunzi. Wengi hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wahamiaji waliokuwa wakifanya kazi migodini na viwandani Kanada, watu wenye asili ya Yugoslavia, Hungaria, Italia. Walitafutwa kwa sababu ya lugha ya mama: lafudhi ile ile iliyowafanya wageni hapa ndiyo ingewaficha kule. Mwaka 1943 baadhi ya Wakanada wenye asili ya Yugoslavia walirushwa kwa miavuli nchini mwao, kwenda kuwatafuta wapiganaji wa msituni.

(Wenyeji watakuambia pia kwamba Ian Fleming, yule wa James Bond, alisomea hapa. Wanahistoria wengi hawakubali. Hadithi hiyo naona inapendwa kwa sababu inauzika.)

Sasa nije kwenye lile ambalo wewe ungelitaka kwanza. Mwaka 1942 paliwekwa hapa kituo cha simu ya upepo kilichoitwa Hydra. Aliyekijenga ni Benjamin deForest Bayly, mhandisi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, na mtambo mkubwa wa kurushia mawimbi ulitoka kwenye kituo cha redio cha Philadelphia. Pwani hii ya ziwa, tambarare na wazi, hupokea vizuri ajabu mawimbi ya kutoka Ulaya. Kutoka hapa ujumbe wa siri wa Washington, New York na Ottawa ulivuka Atlantiki hadi Uingereza, ukiwa umefumbwa kwa mashine iitwayo Rockex, aliyoibuni Bayly huyo huyo. Kambi ya majasusi ilifungwa mwaka 1944. Hydra haikufungwa. Iliendelea kusikiliza hadi 1969, na mwaka 1945 Igor Gouzenko, karani wa maandishi ya siri aliyetoroka ubalozi wa Umoja wa Kisovieti mjini Ottawa, alifichwa kambini humu pamoja na familia yake.

Na nani walikalia viti vya Hydra? Miongoni mwao walikuwamo watu wa redio za ridhaa, wale wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa mapenzi tu, bila mshahara wala biashara. Vita vilipoanza Septemba 1939 serikali ya Kanada iliwafungia redio zao wote. Kisha ikawahitaji, kwa sababu sikio la Morse halinunuliwi dukani.

Ndiyo maana nimefunga safari kuja kuwaona warithi wao. Jumamosi hii walikuja mapema na hema, meza za kukunja, betri za gari, na waya mrefu walioutundika baina ya mlingoti na mti. Wanaitumia siku nzima kuita dunia kutoka uwanja huu, na kila anayeitika wanamweleza kwa ufupi anazungumza na mahali gani. Kadi za kuthibitisha mawasiliano zimeshachapishwa; atakayewasiliana nao ataletewa moja kwa posta. Mzee mmoja alikuwa na kidude cha kupigia Morse cha shaba, vidole vyake vikienda kwa kasi niliyokuona nayo wewe tu. Pembeni yake msichana wa shule aliandika saa, masafa na alama ya kituo katika daftari.

Nilikaa nyuma yao hadi mchana nikiwaza jambo moja. Sheria ya kimataifa inawakataza watu wa ridhaa kufumba maneno ili wengine wasielewe. Lazima waseme wazi, na lazima wajitaje: kila kituo kina alama yake, kwa Ontario mara nyingi VE3, kwa Kenya 5Z, kwa Tanzania 5H, na ukikaa hewani bila kuitaja umevunja sheria. Sasa fikiria uwanja huu. Hapa watu walikula kiapo cha kutosema, wakazeeka nacho. Ujumbe uliondoka ukiwa matambara ya herufi. Leo mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki anarusha juu ya ardhi ile ile jina la mji wake, jina lake la kwanza, na hali ya hewa ya Whitby, kwa yeyote mwenye redio. Mnara una maandishi mazuri, lakini naona hema hili ndilo linaloijibu Kambi X.

Usidhani kulikuwa na machozi. Kwenye masafa ya mita 20, kituo cha Kroatia kiliitika, 9A, kikisikika safi. Nikakaza masikio, maana Kroatia ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, walikorushwa wale wa 1943. Mzee akaeleza kambi ilikuwa nini. Yule wa Kroatia akatoa ripoti ya mawimbi, akasema asante, sabini na tatu, yaani kwaheri ya watu wa redio, akaenda zake. Alikuwa na foleni yake. Msichana akaandika, akapindua ukurasa.

Nilisubiri 5Z ijitokeze. Haikujitokeza. Ni kilomita kama 12,000, na mawimbi hutegemea jua linavyoamua huko juu.

Lakini Ami, Mombasa ina deni lake. Ndege za Japani zilipoishambulia Colombo Aprili 1942, Waingereza waliokuwa wakinasa mawasiliano ya Wajapani walihamishiwa Kilindini. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, kwenye madirisha yanayotazama bahari. Usikivu ulikuwa mbaya huko, mawimbi ya Japani yakifika yamechoka, lakini waliifumbua lugha ya siri ya meli za mizigo za Japani wakiwa hapo hapo. Mwaka 1943 walirudi Colombo. Nimemwambia mzee wa Morse habari hii; aliacha kidude, akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kutundika waya kwenye shule hiyo na kuita dunia. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Kwa hiyo nakuuliza. Ukipita Allidina Visram, mwulize mwalimu mkuu kama kuna ubao wowote ukutani, na kama uwanja wa michezo una nguzo ya kufungia antena. Wazee wenzako wa bandarini wenye leseni bado unawajua. Hawa wa Whitby watakuwa hewani tena kesho, mita 20, kuanzia saa nne asubuhi ya huku, ambayo kwako ni saa kumi na moja jioni. Barua hii itakufikia ikiwa imechelewa, kwa hiyo nitamwomba Mwanaisha akupigie simu leo. Hata ukisikiliza tu bila kujibu, waandikie ulichosikia na saa. Wanatuma kadi kwa wasikilizaji pia.

Msalimie Mama Mkubwa. Mwambie koti alilonishonea linatosha.

Mwanao,
Athumani