KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA



Ndugu yangu katika imani, leo nakusimulia kosa langu mwenyewe, huenda likakufaa.

Mtoto wa dada yangu ni bodaboda hapa Mpanda. Jioni moja aligongwa na gari barabara ya Sumbawanga, mfupa wa paja ukatokeza nje. Nilipofika hospitali nikamkuta daktari anashughulika na tumbo. Nikapandisha sauti: "Mguu huo hamuuoni?"

Daktari hakukasirika. Akasema: "Shehe, mguu tumeuona na tumeufunga. Lakini tumboni damu inavuja. Mguu utasubiri, damu haisubiri."

Nikanyamaza, nikakaa kwenye benchi. Muuguzi akaweka dripu. Mtu wa maabara akachukua damu mbio kupima kundi. Mtaalamu wa usingizi akamlaza, daktari wa upasuaji akazuia damu tumboni, kisha wa mifupa akasafisha kidonda na kunyoosha mguu. Wiki zilizofuata, mtaalamu wa mazoezi tiba akamfundisha kutembea kwa magongo. Hakuna aliyesema "mgonjwa huyu ni wangu." Kila mmoja alijua elimu yake inapoishia, akampisha mwenzake. Mimi peke yangu ndiye niliyejiona najua yote.

Tunayo MOI pale Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, yenye mabingwa wa mifupa, ubongo na uti wa mgongo. Lakini kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Saa za mwanzo za majeruhi wetu ziko mikononi mwa walio hapa hapa. Na wewe ni mmoja wao.

Vipi? Damu aliyoongezewa kijana wetu ilitolewa na watu asiowajua, kabla hata hajaanguka. Wao walikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Mimi, mjomba wake, nilikuwa nje nagomba.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kikiumwa, mwili wote hukesha. Basi kama una miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, nenda kachangie damu: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Na ukimkuta majeruhi barabarani, usimburute wala kumkunja kwenye pikipiki. Ita msaada, mbebeni kwa pamoja, amenyooka.

Nilirudi kumwomba radhi yule daktari. Akacheka, akaniuliza kundi langu la damu.

Allah awalipe kheri wote wanaotutibu. Aamiin.