Kupanda Meli Pasipo Gati

Ukiwa mtu wa bara huenda wadhani kwamba kila meli hufika ukingoni, watu wakaingia taratibu kama waingiavyo kanisani. Katika Ziwa Tanganyika sivyo. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilometa 650, na vijiji vyake vingi havina gati. Basi meli husimama penye kina, hupiga honi, na mitumbwi huenda kuilaki.

Meli iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ni Liemba. Wajerumani waliijenga huko Papenburg mwaka 1913, wakaileta Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku, nayo ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ilichukua abiria kwa miaka mingi mno, ikipita Karema, ambako Mapadre Weupe walikabidhiwa boma na Wabelgiji mwaka 1885. Liemba ni jina la kale la ziwa lenyewe.

Sasa tuseme juu ya hatari. Watu huogopa kina, maana kinafika mita 1,470. Lakini mtu huumia zaidi katika ule upenyo mwembamba ulio kati ya mtumbwi na ubavu wa meli. Wimbi huvitenganisha, kisha huvigonganisha. Mguu au mkono uliomo humo husagwa. Kwa hiyo usishike kamwe ukingo wa mtumbwi kwa nje.

Nahodha mwema huikingia mitumbwi upepo kwa ubavu wa meli, hasa kusi likivuma. Mtumbwi na uje upande huo, mbali na rafadha. Kamba hushikwa mbele na nyuma kwa mikono, wala hazifungwi kwa kukaza, kwa sababu mtumbwi hauna budi kupanda na kushuka pamoja na maji. Abiria wote wakae. Wakisimama pamoja na kuelemea upande mmoja, utapinduka kabla hata hawajaigusa meli. (Haraka hiyo ya kugombea nafasi ndiyo inayonikasirisha, meli haiondoki watu wakiwa mlangoni.)

Mwenye zamu asimame katikati, mikono mitupu, asubiri. Mtumbwi ukiinuliwa na wimbi mpaka juu kabisa, hapo ashike meli na kupiga hatua moja. Asiruke. Akisita, basi angoje wimbi lingine. Mguu mmoja huku na mwingine kule ni kujitafutia maji. Mizigo hufuata baadaye. Mtoto apokewe na baharia mwenye nguvu, naye asiachwe na mikono ya kwanza mpaka ameshikwa na ya pili.

Mwezi Mei 2015 kazi hii ilionekana kwa uchungu pale Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejaa ufukoni, na kipindupindu kimeingia. Liemba haikuweza kufika pwani. Wazee, wagonjwa na kina mama wenye vichanga walipelekwa kwa mashua ndogo, wapata 600 kwa safari moja ya kwenda Kigoma.

Kushuka ni kugumu zaidi, maana macho hutazama chini. Geuka uitazame meli, shuka kinyumenyume, na aliye mtumbwini akuambie lini uachie.