Chakula Kisicho cha Nafaka, na Dawa za Nyumbani



Katika vijiji vyetu vya Bonde, chini ya milima ya Usambara, mgeni akikuta nyumba haina unga wa mahindi hudhani kwamba nyumba ile ina njaa. Ijapokuwa muhogo umesimama shambani, na migomba imezaa nyuma ya nyumba, na kunde zimeanikwa juu ya jamvi, mwenye nyumba huinamisha kichwa akasema, "Tuwieni radhi, leo hatuna chakula." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi katika kuzunguka kwetu nyumba kwa nyumba. Nasi twataka kuyajibu, maana aibu hiyo ina hasara kubwa: watu huuza kunde na mayai yao ili wapate fedha za kununua unga, na jioni watoto wao hula ugali na chumvi.

Kwanza tujue nafaka ni nini. Nafaka ni mbegu za mimea iliyo jamaa moja na nyasi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano. Muhogo, viazi, magimbi na ndizi si nafaka. Wala maharagwe, kunde na choroko si nafaka, bali ni jamii ya mikunde. Tena wengi hudhani kwamba mahindi ni chakula cha asili cha babu zetu, na muhogo ni chakula cha wakati wa njaa tu. Sivyo. Mahindi na muhogo vyote viwili vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno. Ni wageni waliokuja kwa njia moja. Hata ndizi asili yake ni Asia, lakini Wachaga wa Kilimanjaro, Wahaya wa Bukoba na Waganda wameishi kwa ndizi vizazi vingi, wala hakuna awaitaye watu wa njaa.

Nafaka nazo zina hatari zake zikihifadhiwa vibaya. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoingia ukungu wenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Hatusemi haya ili watu wayachukie mahindi, maana karanga nazo hupatwa na sumu hiyo hiyo zikiwekwa penye unyevu, na muhogo nao una sumu yake, kama tutakavyoeleza. Twasema haya ili mjue kwamba chakula hakiwi chema kwa jina lake, bali kwa jinsi kinavyotunzwa, kinavyopikwa, na kinavyofuatana na chakula kingine.

Basi tutazame upungufu wa muhogo. Muhogo ni wanga, yaani chakula cha kutia nguvu. Lakini cha kujenga mwili ndani yake ni kidogo sana, pungufu hata kuliko katika mahindi. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa muhogo mtupu, au ndizi tupu, aweza kuonekana ameshiba, kumbe mwili wake unadhoofika. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, naye hukaa kimya asitake kucheza. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, alieleza habari za ugonjwa huo kule Gold Coast, ambayo sasa yaitwa Ghana. Kisha akautaja kwa jina walilolitumia Waga wenyewe, nasi twauita kwashakoo. Maana ya jina hilo ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Waga walikuwa wameona kwamba hatari humpata mtoto wakati anapoacha maziwa ya mama yake.

Kwa hiyo nyumba isiyopika nafaka yapasa kushika kanuni hii: wanga usiende peke yake. Penye ndizi pawe na maharagwe, kama Wachaga wafanyavyo katika kiburu chao. Penye muhogo wa kuchemsha pawe na kunde au samaki. Penye viazi vitamu pawe na dagaa waliokaangwa, na mchicha au matembele. Kisamvu kitwangwe vizuri, kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo kitiwe tui la nazi au karanga zilizopondwa. Wala kisiliwe kibichi, kwa kuwa majani ya muhogo nayo yana sumu. Magimbi yapikwe mpaka yaive kabisa, ama sivyo yatawasha koo. Na mtoto mdogo apondewe chakula chake, kiwe laini, atiwe na kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa, maana tumbo lake ni dogo, halichukui chakula kingi kwa mara moja.

Juu ya viazi vitamu tuna neno moja zaidi. Viko viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, navyo vina vitamini A nyingi kuliko viazi vyeupe. Vitamini hiyo hulinda macho, na mtoto anayeikosa huenda asione jioni jua likichwa. Mwaka 2016 tuzo kubwa ya dunia ya mambo ya chakula walipewa watu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, waliipata kwa kazi ya viazi hivyo. Yeyote apataye mbegu yake na aipande, na viazi hivyo vikiliwa na mafuta kidogo faida yake huzidi.

Sasa twafika kwenye sumu ya muhogo. Muhogo mtamu mtu aweza kuumenya, kuuchemsha na kuula. Muhogo mchungu sivyo. Ndani yake imo sumu ya sianidi. Wazee wetu walijua jambo hili bila kusoma kitabu, ndiyo maana walimenya muhogo mchungu, wakauloweka majini siku tatu au zaidi mpaka ukalainika, kisha wakauanika ukakauka kabisa, ndipo wakatwanga unga. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, na shida hutokea pale watu wanapofupisha siku. Mvua ikikosekana, muhogo wenyewe huzidi sumu. Na njaa ikibana, watu huona siku tatu ni nyingi mno.

Matokeo yake ni ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, na mara akaamka miguu imekakamaa hawezi kutembea vema; wala ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika miaka ya kuzaa. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula kule Msumbiji, zaidi ya watu elfu moja walipatwa wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulionekana kwetu Tanzania, katika wilaya ya Tarime. Na mahali pote mambo mawili yalikutana: muhogo mchungu usiotengenezwa vema, na kukosa kitoweo. Maana samaki, mayai na mikunde huupa mwili vitu vya kuivunja sumu hiyo. Asiyevipata hana silaha.

Basi, kama unga wa muhogo mchungu umekwisha kusagwa nawe una shaka nao, iko njia nyepesi ambayo akina mama wa Popokabaka, kule Kongo, walifundishwa. Tia unga mkavu katika bakuli, uweke alama ubavuni mahali ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Utandaze juu ya mkeka safi, unene wake usizidi upana wa kidole kidogo, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka hewani. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Njia hii huongezwa juu ya desturi ya zamani ya kuloweka na kuanika, haichukui mahali pake.

Siku hizi wako watu wasemao kwamba aachaye nafaka hupona kila ugonjwa. Msiwasadiki. Ni kweli wapo watu ambao matumbo yao hayavumilii ngano, shayiri na rai. Hao wakila vyakula hivyo huumia, na dawa yao ni kuviacha. Lakini mahindi, mtama na mchele havina kitu hicho kinachowadhuru. Na kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, muhogo na viazi ni wanga kama ugali ulivyo. Huongeza sukari katika damu vilevile. Kwake kipimo cha sahani ndicho kitazamwacho.

Tulikuwa na jirani mmoja, mtu mpole na fundi hodari wa useremala. Alipochoka kujichoma sindano za insulini alikubali maneno ya mtu aliyemwuzia unga wa mizizi, akamwambia kwamba mizizi na dawa ya hospitali hazipatani, achague moja. Akachagua mizizi. Haikupita hata majuma mawili tukamzika. Tangu siku ile tumeshika neno hili, na twawaomba ninyi mlishike: dawa ya nyumbani ambayo mwuzaji wake akutaka kwanza uache dawa ya daktari, ikimbie.

Hata hivyo hatuzidharau dawa za nyumbani. Zilizo njema zipo, na iliyo bora kuliko zote imo katika kila jiko: maji, sukari na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi pale Bangaon, India, na maji ya kutia mishipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi kwa kipimo. Kabla yake karibu watu 30 kwa kila mia walikuwa wakifa. Baadaye hawakufika 4.

Usiku mmoja tuliitwa kwa mtoto aliyekuwa akiharisha tangu asubuhi. Bibi yake alikuwa amemnyima maji.

"Mwalimu," akasema, "tukimpa maji atazidi kuharisha."

Tukamjibu, "Bibi, maji yanayomtoka ndiyo yanayoondoka na uhai wake. Tusipoyarudisha, kesho hatutakuwa naye."

Mwenzetu wa nyumbani akapima: maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, na alipotapika akangoja dakika 10 akaanza tena. Alfajiri mtoto alikojoa, na bibi yake akalia kwa furaha. Kulipokucha walimpeleka zahanati, akapewa pakiti za dawa ya maji na vidonge vya zinki vya siku 10. Leo anasoma darasa la tatu.

Angalieni kipimo hicho, msikikisie. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kama pakiti za zahanati zipo, ndizo bora. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa kushika nafasi pakiti zikikosekana. Mtoto anyonye na ale kama kawaida. Akiwa na damu katika choo, au macho yamezama, au hawezi kunywa, msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali.

Asali nayo husaidia kikohozi, kijiko kimoja wakati wa kulala. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe hata tone, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Chai ya tangawizi hutuliza kichefuchefu. Na mwarobaini? Twaupenda kwa kivuli chake, tena majani yake huzuia wadudu ghalani. Lakini homa ya malaria haingojei. Mpimeni mgonjwa damu, apewe dawa mseto, aimalize. Dawa hiyo asili yake ni mmea, pakanga ya Uchina, na mama Tu Youyou aliyeivumbua alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ila yeye hakuishia kuchemsha majani. Alitoa kiini chake, kikapimwa, ili kila mgonjwa apate kiasi kimtoshacho. Katika kikombe cha majani yaliyochemshwa hakuna ajuaye kiasi kilichomo.

Basi, wazazi, msione aibu kwa muhogo wenu, bali muupe siku zake majini. Msiuze kunde zote. Wekeni kwanza sehemu ya watoto, ndipo muuze inayobaki. Nanyi walimu, wafundisheni watoto shuleni kusawazisha kijiko na kuhesabu vijiko sita, na kupanda mstari mmoja wa viazi vya rangi ya machungwa kando ya darasa. Somo hilo ni fupi, na mtoto atalichukua mpaka nyumbani kwao, amfundishe bibi yake.

Twawatakia nyote afya njema na jiko lenye moshi kila siku.